Mwanamke wa Kizingitini

Masomo: Waamuzi 19 na 20, 2 Samweli 12:1–7

Somo la leo ni zito. Wenye watoto wadogo karibu na redio na wapunguze sauti kidogo, au wawatume watoto dukani, kisha tuendelee pamoja.

Katika sura ya 19 ya kitabu cha Waamuzi imo habari ya Mlawi mmoja aliyekaa pande za mbali za milima ya Efraimu, aliyemchukua suria kutoka Bethlehemu ya Yuda. Mwanamke huyo akamwacha, akarudi kwa baba yake, akakaa huko miezi minne. Mume akamfuata ili amrudishe kwa maneno ya upole. Baba mkwe akamkaribisha, wakala na kunywa tangu siku ya kwanza hata ya tano. Walipoondoka jua lilikuwa limekwisha kuinama, na usiku ukawakuta Gibea, wakapokewa na mzee mmoja aliyekuwa mgeni katika mji ule. Watu waovu wakaizunguka nyumba. Yaliyofuata mwayajua: mwanamke akatolewa nje, wakamtenda jeuri usiku kucha, na kulipopambazuka akaanguka mlangoni, mikono yake juu ya kizingiti.

Sasa angalieni jambo moja. Katika sura hiyo Mlawi anasema. Baba mkwe anasema, tena anasema sana. Mzee wa Gibea anasema, na wale waovu wanasema. Hata mtumishi aliyefuatana na punda amepewa neno lake, aliposhauri walale Yebusi. Kweli, hakuna hata mmoja wao aliyetajwa kwa jina, lakini wote wamepewa sauti. Mwanamke peke yake hana neno hata moja, tangu mstari wa kwanza hata wa mwisho.

Twaleta habari hii kwa sababu ya swali lililozuka kanisani kwetu Kware: je, Mkristo ana ruhusa ya kumtungia mwanamke huyu maneno?

Kwa wasiotujua, Kware iko mashariki ya Nairobi, upande wa Embakasi, palepale Mukuru kwa Njenga. Si yule ndege kware aliyewalisha Waisraeli jangwani katika Kutoka 16. Jina letu ni neno la Kiingereza lililolainishwa na midomo ya watu, na maana yake ni machimbo ya mawe. Mawe yalichongwa yakaenda kujenga mji, mashimo yakabaki. Asubuhi utawaona watu wetu wakienda kwa miguu kutafuta kazi viwandani, na akina mama wakipanga mitungi ya maji. Mwezi wa Julai 2024 jina la Kware lilitangazwa mbali sana kwa habari ya uchungu. Katika shimo moja la zamani lililogeuzwa kuwa jaa, miili ya watu, mingi ikiwa ya wanawake, ilitolewa ikiwa imekatwakatwa na kutiwa katika magunia. Aliyeijua Biblia yake hakuhitaji kuambiwa mahali pa kufungua, maana Mlawi yule alipofika kwake alitwaa kisu, akamgawa suria wake vipande kumi na viwili, akavipeleka katika mipaka yote ya Israeli.

Dada mmoja wa kwaya yetu, fundi wa cherehani, akanunua daftari la kurasa 96 akaanza kuandika. Hakuandika habari za Kware. Aliandika habari za msichana wa Bethlehemu aliyeolewa mbali na kwao. Akampa jina, akamwita Tirza, akampa na maneno ya kusema. Daftari likapita mkono kwa mkono hata likamfikia mzee mmoja wa kanisa, mtu mcha Mungu ambaye twamheshimu sana. Akalileta ofisini, na dada akaitwa.

"Binti yangu," mzee akamwuliza, "jina hili umelitoa mstari gani?"

"Halimo, baba. Nimempa mimi."

"Basi umeongeza."

"Kule mochari walipewa namba, baba. Mimi sikuweza kumwita namba."

Mzee akanyamaza. Lakini hakushawishika, wala hatuwezi kusema kwamba swali lake lilikuwa baya. Torati yakataza kuongeza wala kupunguza, na mwisho wa Ufunuo wa Yohana lipo onyo kali kwa aongezaye. Historia ya Kanisa nayo ina la kutufundisha. Yapata mwaka 200, Tertullian wa Karthago, Mwafrika wa kaskazini, aliandika habari ya kasisi mmoja wa Asia aliyetunga kitabu juu ya Paulo na mwanamke aitwaye Thekla. Alipokamatwa alikiri kwamba alifanya hivyo kwa kumpenda Paulo. Akaondolewa katika kazi yake. Makasisi wenzetu wenye kalamu, hapo tusome polepole!

Tertullian alikasirika zaidi kwa kuwa wanawake walikitegemea kitabu kile wapate kufundisha na kubatiza. Katika hilo hatuwezi kumfuata, maana kanisa letu lina makasisi wanawake na twamshukuru Mungu kwa kazi yao. Lakini juu ya jambo moja alisema sawa. Utunzi wa mtu ulikuwa umejifunika joho la mtume, nao wasomaji wakadhani wanamsikia Paulo. Hapo ndipo penye dhambi. Kwa hiyo tulimwomba dada yetu aandike juu ya jalada, kwa herufi kubwa, kwamba hii ni hadithi, na kwamba habari yenyewe imo katika Waamuzi 19. Akaandika siku ileile.

Basi hadithi inayojulisha kwamba ni hadithi, ina nafasi gani katika nyumba ya Mungu? Tumwangalie Nathani. Daudi amemchukua mke wa Uria na kumwua Uria kwa upanga wa Waamoni. Amri anazijua tangu utoto. Bwana anamtuma nabii wake, naye nabii haanzi kwa kusoma amri. Anasimulia habari ya tajiri mwenye kondoo wengi, na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja aliyelala kifuani pake. Mwana-kondoo yule hakuwako. Nathani alimtunga, na Daudi aliyeuzoea moyo wake mwenyewe akamkasirikia tajiri, hata akajihukumu kwa kinywa chake kabla hajajua. Bwana wetu pia alifundisha vivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kumdai jina la mwenye nyumba ya wageni katika njia ya Yeriko.

Lakini mzee wetu alikuwa na jibu, tena zuri. Alisema kwamba mwana-kondoo wa Nathani hakuwako, bali mwanamke wa Gibea alikuwako. Ni mtu, ana Mungu wake atakayemwuliza. Kumtia maneno mtu aliyekufa, asiyeweza kukataa, ni jambo la kutetemesha.

Tulikaa na jibu hilo siku nyingi. Tulichokipata kimo katika sura ya 20, nasi twawaomba mwisome leo jioni. Makabila yamekusanyika Mispa, na Mlawi anaulizwa uovu huu umetokeaje. Anatoa ushahidi wake katika mstari wa 4 na kuendelea. Asema watu wa Gibea walimzunguka usiku, walitaka kumwua yeye, na suria wake walimtenda nguvu hata akafa. Basi. Linganisheni na sura ya 19, mstari wa 25, ambapo yule mtu alimshika suria wake akamtoa nje kwao. Hilo Mlawi hakulitaja mbele ya mkutano. Kwa ushahidi huo watu 400,000 wakashika upanga, na vita vilivyoanza kwa ajili ya mwanamke mmoja vikaishia kwa kunyakua wanawake wengine, wanawali 400 wa Yabesh-gileadi na tena mabinti wa Shilo waliokuwa wakicheza ngoma.

Mwaona, wapendwa? Mwanamke yule alikuwa amekwisha kutungiwa hadithi kabla ya dada yetu kununua daftari. Aliyemtungia ni mtu aliyekuwa na la kuficha. Maandiko yenyewe ndiyo yaliyouhifadhi mstari wa 25, ili msomaji mwangalifu amkamate mshahidi. Anayeketi kuandika hadithi ya mwanamke huyo kwa kicho, akishika kila neno lililoandikwa, hamnyang'anyi kitu. Anasimama upande wa mstari wa 25.

Tena kazi hiyo ina jasho lake. Dada yetu alikuja mara nyingi kuuliza. Mwanzo wa sura, maandiko ya Kiebrania na tafsiri ya kale ya Kigiriki hayakubaliani: mahali pamoja pasomeka kwamba mwanamke alifanya uasherati, pengine kwamba alimkasirikia mumewe. Tulimweleza hivyo. Hakuchagua kwa pupa. Katika hadithi yake wasengenyaji kisimani wanasema la kwanza, na mama mzazi anasema la pili. Tukamwuliza mama huyo ametoka wapi, maana Biblia yamtaja baba tu. Akatujibu kwa swali: "Mchungaji, mgeni alikaa siku tano akila na kunywa. Nani alikuwa akipika?" Miaka yetu ya chuo cha theolojia haikutuletea swali hilo.

Usiku wa Gibea hakuuandika. Aliacha mistari mitupu, akaendelea alfajiri.

Wala msidhani jambo hili ni la kigeni. Jirani yetu wa Tanzania, Mathias Mnyampala wa Ugogo (1917–1969), Mkatoliki na hakimu kwa kazi yake, aliigeuza Injili kuwa ushairi wa Kiswahili katika Utenzi wa Enjili Takatifu, na Zaburi vilevile katika Utenzi wa Zaburi. Kule Uingereza, wakati wa vita, Dorothy Sayers, binti wa kasisi wa Kianglikana, aliandika michezo 12 ya redio juu ya maisha ya Bwana Yesu, ikatangazwa tangu Desemba 1941 hata Oktoba 1942. Kabla haijasikika watu walikwisha kupiga kelele izuiwe, kwa kuwa wanafunzi na askari walisemeshwa lugha ya kila siku kama watu wa sokoni. Haikuzuiwa. Na John Bunyan, aliyefungwa Bedford kwa ajili ya kuhubiri, alitoa mwaka 1678 habari ya msafiri aelekeaye mji wa mbinguni, nacho kitabu hicho kimesomwa hata katika Kiswahili.

Turudi Kware. Tulikubaliana na wazee kwamba daftari lisisomwe mahali pa kusomea masomo ya ibada. Hapo lisomwe Neno peke yake. Likasomwa Jumapili alasiri katika chumba cha shule ya Jumapili, baada ya kusoma Waamuzi 19 yote. Akina mama wengi walikiri kwamba hawajapata kuisikia sura ile kanisani, na baadhi walidhani haimo. Dada akasoma kwa sauti ndogo. Alipofika kwenye mistari mitupu alinyamaza, nasi tukanyamaza, tukasikia watoto wakicheza nje. Alipomaliza, mama mmoja akasimama nyuma. Hakusema lolote juu ya hadithi. Alitaja jina la binti yake ambaye hajaonekana nyumbani, majina yote matatu, akaketi. Mwingine akasimama akataja la dada yake. Yule mzee wetu alikuwa ameketi karibu na mlango. Akatoa kalamu, akayaandika majina nyuma ya kitabu chake cha sala, naye huyataja katika maombi ya Jumapili hata sasa. Juu ya jina la Tirza bado hajakubali, na dada yetu bado hajalifuta.

Labda yuko msikilizaji ambaye Mungu amemgusa kwa kazi ya namna hii. Soma sura yako mara saba kabla ya kuandika mstari mmoja. Pale Biblia iliposema, usibishane nayo. Pale iliponyamaza, uliza ni nani aliyeachwa bila sauti, kabla ya kuuliza ni kipi kitakachopendeza wasomaji. Mitume wana watunzi wa kutosha. Na ukimaliza, mpe mtu mkali wa kanisani kwako alisome kwanza.

Tuombe. Ee Mungu wa Hajiri, uliyemwona jangwani alipokuwa peke yake, wakumbuke wale waliotolewa katika shimo la Kware, nawe wayajua majina yao. Uwafariji mama zao. Uwape haki. Umshike mkono aandikaye usiku kwa taa ndogo, asiseme uongo juu yako wala juu ya wafu wako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.