Gugu la Kongwe Katika Bustani ya Kivulini



Tulipoanza bustani yetu ya tangawizi kivulini mwa mwembe, kongwe, lile gugu lenye maua ya samawati, lilituvamia. Tukalikatakata kwa jembe, tukaliacha papo hapo. Mvua iliponyesha, kila kipande kilitoa mizizi penye kifundo, na tangawizi yetu ikasongwa. Kumbe jembe ndilo lililolipanda! Tena kongwe huzaa mbegu hata chini ya udongo.

Basi twawashauri hivi: ling'oeni kwa mkono, ardhi ingali laini, kabla halijachanua. Lianikeni juani juu ya mawe hata likauke kabisa, au wapeni mbuzi. Kisha funikeni udongo kwa majani makavu, mkakague kila juma. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.