Namba ya Siri Anayo Nani?

Sheria inazitaka halmashauri, za Bukoba na Muleba zikiwamo, zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Mjadala huishia kwenye nani kapata. Mimi nauliza: fedha zikishatoka, anazishika nani?

Mkopaji asiyeona husomewa ujumbe wa simu. Asiyeweza kupanda bodaboda hadi benki humtuma mtu, mara nyingi ndugu. Ndugu huyo si lazima awe mwizi. Shida ni kwamba hakuna anayemuuliza. Na kumdai hesabu shemeji anayekubeba mgongoni kila siku, jamani, si rahisi.

Ndiyo maana kuliko jamaa mwema, napendelea mweka hazina aliyechaguliwa na kikundi cha wakopaji, na watia saini wasiotoka nyumba moja. Namba ya siri abaki nayo mwenye simu. Ofisa maendeleo ya jamii asome hesabu mbele ya wote, na penye kiziwi awepo mkalimani wa lugha ya alama. Maana marejesho yakikwama, anayegongewa mlango ni mkopaji, si shemeji.