Mama Aliyepita Nyuma ya Kanisa

Mazungumzo ya redio ya Jumapili ya mwisho ya mwaka, Goma, 26 Desemba 2021
Masomo: Nehemia 8:9-12, 1 Wakorintho 11:20-22

Noeli ilikuwa jana. Asubuhi hii katika nyumba nyingi sufuria bado hazijaoshwa, watoto wamevaa tena nguo zilezile za jana sababu wamekataa kuzivua, na sauti za waimbaji wetu zimekauka.

Tulikuwa tumetayarisha salamu za furaha. Lakini jana habari ilitufikia kutoka Beni, kwamba bomu limelipuka mahali pa kula, katikati ya watu waliokuwa wameketi pamoja kusherehekea. Kuna waliokufa, kuna waliojeruhiwa. Kabla hatujaendelea, tunaomba kila nyumba inayotusikia inyamaze kidogo kwa ajili ya nyumba zile za Beni, ambako chakula cha Noeli kimegeuka kuwa chakula cha matanga.

Asanteni.

Ni desturi yetu, Jumapili ya mwisho, kuukumbuka mwaka mzima na kushukuru. Mwaka huu tumeukumbuka kwa sikukuu zake, Bonane, Pasaka, Pentekoste, Shukrani na Noeli, na tumekuta jambo ambalo hatukulitazamia. Tunalisema hapa redioni sababu linatuhusu sisi wenyewe tunaowahubiria ninyi kila juma.

Tuanze na Bonane. Mnakumbuka namna mwaka huu ulivyoingia. Juu ya ugonjwa wa Korona, tangu tarehe 18 Desemba 2020 serikali ilikuwa imekataza watu kutembea usiku, kuanzia saa tatu hadi saa kumi na moja alfajiri. Masomo yalifungwa. Hakukuwa na mkesha wa Noeli wala wa mwaka mpya. Tulinung'unika sana. Tulisema, mwaka unaoingia bila ngoma na bila vigelegele ni mwaka wa namna gani?

Lakini ninyi mnaokaa viwanja vya Majengo, Mabanga au Ndosho mnajua maisha yetu: nyumba nne, tano, ndani ya kiwanja kimoja, choo kimoja, lango moja. Usiku ule saa tatu lango lilifungwa, na waliokuwa ndani wakabaki ndani. Umeme ulikuwa umekatika. Mmoja akatoa bugali, mwingine sombe, mwingine maharagwe, mwingine sambaza kidogo alizokuwa amezificha kwa ajili ya kesho yake. Mwanafunzi kutoka Walikale, ambaye hakupata namna ya kurudi kwao, alikula katikati ya watoto wa watu. Katika giza lile hakuna aliyejua nani amevaa nini. Siku zile hatukuyaita sikukuu, tuliyaita mateso ya Korona. Sasa tukiulizana ni Bonane gani tunaikumbuka vizuri, wengi wetu wanataja ile.

Masomo yalifunguliwa tena tarehe 22 Februari, na wazazi tukapumua. Pasaka ilipita salama, tarehe 4 Aprili, na ibada na nyama kidogo kwa aliyeweza. Hatuna mengi ya kusema juu yake.

Kisha ikaja Pentekoste.

Jumamosi tarehe 22 Mei, jioni, kwaya ilikuwa katika mazoezi ya mwisho. Mpiga gitaa alitoka nje kupokea simu, akarudi bila kusema kitu, akasimama mlangoni tu. Tulipotoka tuliona mbingu nyekundu upande wa Nyiragongo. Wazee wetu waliokuwa hapa Januari 2002, moto ulipopita katikati ya mji mpaka ziwani, hawakungoja maelezo. Watu walijaa barabarani na magodoro kichwani, wengine wakienda Gisenyi, wengine upande wa Sake. Moto ule ulishuka mpaka Buhene, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa, na nyumba kwa maelfu ziliteketea. Asubuhi ya Pentekoste, wakati wa kusoma habari ya ndimi za moto, sisi tulikuwa tunaangalia moshi na kuhesabu watoto.

Ardhi ikaendelea kutetemeka siku baada ya siku. Tarehe 27 Mei gavana akaamuru watu wa mitaa 10 ya Goma waondoke. Mmeyaona wenyewe, hatutawasimulia yote. Barabara ya Sake ilijaa kutoka Ndosho hata kupita Mugunga: magari, moto, chukudu zilizobeba vitanda na bibi wazee juu yake. Mvua ikanyesha juu ya hayo yote.

Huko Sake familia moja isiyotujua ilitufungulia mlango. Tulilala watu 19 katika vyumba viwili. Baba mwenye nyumba alisema neno moja tu, kwamba mwaka 2002 yeye pia alipokelewa na watu. Jumapili iliyofuata tulisali kando ya barabara. Mchungaji wetu alihubiri akiwa na kambambili miguuni, sababu viatu vilibaki Goma. Kwaya iliimba bila mavazi ya kwaya na bila vyombo. Na katika kwaya ile, sauti iliyotubeba ilikuwa ya mama mmoja wa Buhene. Nyumba yake ilikuwa imekwisha kuwa jiwe. Alikuwa amevaa kitenge kimoja alichokimbia nacho na tisheti ya mtoto wake wa kiume. Aliimba, na watu waliokuwa wakipita na mizigo walitua mizigo.

Mwanzoni mwa Juni tulianza kurudi. Maji yalikuwa yamekatika katika mitaa mingi, na bidoni likawa kitu cha kwanza ambacho mtu anakiangalia akiamka. Watu wa Buhene hawakuwa na pa kurudi. Tuliwapokea wengine katika vyumba vya masomo ya watoto, nyuma ya kanisa, na wengine walijenga vibanda vya mashitingi. Mwezi ule wa kwanza tulijitahidi kweli. Unga ulikuja, sabuni ilikuja, makala yalikuja. Mwezi wa Agosti vilikuja nusu. Mwezi wa Septemba tulianza kuulizana kwa sauti ya chini, hawa watu watatoka lini, watoto wetu watajifunzia wapi? Hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa tumechoka, na kila mtu alikuwa na karo ya kulipa. Lakini tulianza kuwaita "wahamishwa", hata wale ambao tulikuwa tunayajua majina yao kabla ya moto.

Mwezi wa Oktoba tulifanya Siku ya Shukrani. Mnajua namna yake: mtu anakuja mbele na bahasha, jina lake linasomwa, kiasi kinasomwa, wamama wanapiga vigelegele. Kwa kiasi kikubwa vigelegele vinakuwa virefu. Siku ile tulikusanya vizuri kuliko mwaka uliotangulia, na mwenye hazina alifurahi. Hakuna aliyeuliza kwa nini benchi za nyuma zilikuwa wazi.

Mwezi wa Novemba tukachagua kitenge cha Noeli kwa kwaya na kwa wamama. Kizuri sana, cha buluu na maua meupe. Kila mmoja alipe dola 15, na fundi juu yake. Tulisema anayekosa alipe polepole. Tuliamini tumewafikiria maskini.

Mama wa Buhene hakuonekana tena katika kwaya. Tulidhani anauza sokoni siku ya Jumapili, wengine wakasema ameenda kusali kwingine. Jumatano ya juma lililopita mashemasi wawili walimtembelea. Alikuwa anapalilia lengalenga alizozipanda kando ya ukuta, ndani ya udongo mdogo uliopo kati ya mawe. Walimuuliza, mama, uliacha kusali? Akawajibu hivi, nao wametuletea maneno yake bila kuyapunguza:

"Sijaacha kusali, wamama. Nimeacha kupita mbele yenu. Siku za kawaida naweza kupita. Siku ya sikukuu napita nyuma, pale karibu na choo, mtu asinione. Naketi nyuma ya ukuta. Nyimbo zote nazisikia."

Mashemasi wakamwambia, tutakununulia kitenge. Akakataa. Akasema, "Mkininunulia mimi, na huyu wa kibanda kinachofuata? Na huyu mwingine?" Waliporudi walihesabu. Nyumba 11 za watu wetu zinafanya kama yeye. Si wahamishwa peke yao. Kuna mwalimu humo. Kuna mjane ambaye mume wake alikuwa mzee wa kanisa.

Alhamisi tuliketi, wazee na wakuu wa kwaya, mpaka usiku. Mmoja wetu alisema aje tu alivyo, Mungu haangalii nguo. Mkuu wa wamama akamtazama kuanzia kola mpaka viatu, akamwambia, "Baba, hilo neno lingetoka vizuri katika kinywa cha mtu mwingine." Tulicheka, kisha hatukucheka tena. Hatukumaliza. Vitenge vilikuwa vimeshonwa tayari, pesa zimelipwa, watoto wanangoja. Noeli ikafika, tukavaa. Jana tuliimba vizuri, watu walitusifu. Wengi wetu tuliimba tukiangalia ukuta wa nyuma.

Sasa mfungue Nehemia, sura ya 8. Watu wametoka uhamishoni, wamerudi katika mji uliobomoka, wanasikia torati ikisomwa na wanalia. Wanaambiwa wasilie, siku hii ni takatifu, waende wakale na kunywa. Hapo ndipo sisi hupenda kufunga kitabu. Lakini mstari ule unaendelea. Wanaambiwa pia wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Angalieni neno lile, wapelekee. Aliyekosa hasemi aje mbele aombe, jina lake lisomwe. Sehemu inatembea, inamfuata pale alipo. Na wale waliofanya hivyo hawakuwa matajiri. Ukuta wao wenyewe walikuwa ndio kwanza wameumaliza kujenga.

Halafu Wakorintho. Paulo anawakasirikia Wakristo wale kwa jambo gani? Wanakutana kwa karamu ya Bwana, mmoja anashiba na mwingine ana njaa, na wasio na kitu wanaaibishwa. Hasemi kwamba hawakuamini. Anawauliza kama wanalidharau kanisa la Mungu. Tumesoma barua ile miaka mingi, tukiitumia kuwakemea walevi. Hatukudhani inaweza kuzungumza juu ya kitenge cha buluu.

Mbele ya Mungu na mbele yenu tunasema hivi: mwaka huu, sikukuu tulizozifanya gizani na barabarani, watu wetu wote walikuwa ndani. Zile tulizozitayarisha kwa miezi miwili, zilimtoa nje mama aliyetuimbia Sake. Hatusemi sikukuu ziwe bila uzuri. Mtoto aliyevaa shati jipya siku ya Noeli, hata la chagua, ana furaha ambayo hatutaki kumnyang'anya, na baba yake alibeba mizigo Birere kwa ajili ya shati lile. Hatusemi Mungu ametuma moto ili kutufundisha jambo hili, hapana. Kuna watu waliozika watoto wao katika moto ule, na atakayewaambia neno kama hilo asilitaje jina letu.

Leo asubuhi, mbele ya ibada, baraza limekubaliana mambo matatu. Katika Siku ya Shukrani majina na kiasi havitasomwa tena. Mzee mmoja hajakubali bado, anasema sadaka zitashuka, na labda ana haki. Tutaona Oktoba. La pili, hakutakuwa na kitenge kipya cha Pasaka. Fundi wetu ametusikia na hakufurahi, maana ana watoto sita. Tunatafuta namna ya kumpa kazi ya sare za watoto wa shule. La tatu ni la juma hili.

Jumamosi, tarehe 1 Januari, saa saba mchana, tutakula Bonane pamoja katika uwanja wa nyuma ya kanisa, upande wa vyumba vya masomo, si upande wa barabara. Kila nyumba ilete sufuria ya kile inachokula siku zote. Usiazime nyama. Kwaya itaimba, lakini mavazi ya buluu yabaki nyumbani. Kila mtu aje na nguo anayoivaa kwenda sokoni. Vijana watachota maji ziwani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na wenye chukudu wanaombwa kuwasaidia. Atakayeshindwa kufika sababu ya ugonjwa au uzee, jirani yake atutajie nyumba, sehemu yake itapelekwa.

Mkuu wa kwaya alipita nyuma ya kanisa kumwambia mama wa Buhene habari hii kabla ya sisi kuingia hapa studio. Hakusema kama atakuja. Aliuliza kwanza sombe wataleta wangapi, na alipoambiwa ni wengi, akasema basi yeye ataleta lengalenga.