Kuagiza Mbegu za Bustani kabla ya Masika



Twapenda kusema nanyi habari za mbegu za bustani ya nyumbani, kwa kuwa wengi hungoja mpaka mvua ya kwanza iguse ardhi, ndipo waende dukani. Wakati huo wamekwisha kuchelewa. Masika ya pwani na ya kaskazini huanza mwezi wa Machi, na miche ya kabichi hukaa kitaluni wiki 4 hata 6. Basi atakaye kuiatika mvua inapoanza hana budi kusia mbegu Januari, na kuziagiza kabla ya mwaka kwisha. Nyanya twaona ni heri zingojee mwisho wa masika, maana mvua nyingi huziletea ukungu wa majani.

Si kila mbegu ni ya kununua. Mchicha, kunde, bamia na maboga hutoa mbegu mlangoni petu, na mama wa nyumba aliyechagua mmea ulio bora akauacha ukomae hana haja ya duka. Lakini kabichi na karoti hutaka baridi kwanza ndipo zitoe maua. Katika nchi ya joto kabichi hufunga kichwa, mbegu usizione. Hizo ndizo za kuagiza. Tena mbegu za chotara, hata za nyanya, msizitunze kwa kupanda tena, kwani watoto hawafanani na mzazi.

Wengi hupoteza fedha katika kipimo. Gramu moja ya mbegu za kabichi ina mbegu 200 na zaidi, na nyumba moja yatosheka kwa miche 40. Majirani wanne wakichanga fedha wakanunua pakiti moja ndogo, kila mmoja atapata haki yake, wala hapana mbegu itakayolala sandukuni mpaka ife.

Maana mbegu hufa. Ya kitunguu haifai kutegemewa baada ya mwaka mmoja au miwili, hasa pwani penye joto na unyevu. Ya kabichi na ya nyanya huishi miaka 3 au 4 ikitunzwa katika chupa kavu iliyozibwa vema. Mwenye mbegu za zamani na azijaribu kabla ya kuagiza nyingine: ahesabu 20, azifunge katika kitambaa chenye maji kidogo, akiweke kivulini, asiache kikauke. Baada ya siku 10 azihesabu. Zikiota 16, ni njema. Zikiota 8, asie maradufu. Zikiota 3, aagize mpya.

Mnaponunua, tazameni tarehe na chapa ya wakaguzi, TOSCI kwa Tanzania, KEPHIS kwa Kenya. Mbegu za kupimwa kwa kijiko kutoka kopo lililo wazi, hata zikiwa rahisi, ziacheni. Na zile zenye rangi nyekundu au ya buluu zimetiwa dawa: zikibaki, wasipewe kuku.