Unga Mweupe juu ya Majani ya Maboga

Maneno ya Katibu wa Chama cha Msingi katika mkutano wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Kamati imenipa nafasi ya kusema machache katika sherehe hii, tena imeniachia nichague mwenyewe la kusema. Walionitangulia wamenena juu ya korosho, maghala, minada na hesabu, nao wamenena vema kuliko niwezavyo mimi. Kwa hiyo naomba ruhusa yenu niwapeleke nyuma ya nyumba, mahali ambapo mizani ya chama haijapata kufika, kwenye mmea wa boga unaotambaa kando ya jiko.

Sababu ya kuchagua jambo hili ni ombi moja ambalo kila mwaka, mvua zinapokaribia kwisha, huletwa dirishani pa ofisi yetu. Mwanachama huja na kopo tupu au chupa ya soda, akasema, “Bwana Katibu, maboga ya nyumbani yamemwagikiwa unga. Tupimie salfa kidogo ile iliyobaki ya mikorosho.”

Ombi hilo si la ajabu. Sisi wa mikoa ya Mtwara na Lindi twaujua ubwiri unga, na twaujua kwa machungu. Wazee walio hapa wakumbuka kwamba katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilikusanya korosho zipatazo tani 145,000, na kwamba ulipofika msimu wa 1986/87 hata tani 20,000 hazikutimia. Sababu zilikuwa nyingi: watu walihamia vijijini wakaiacha mikorosho yao mbali, na bei nayo haikumvuta mtu kupalilia. Lakini ubwiri unga, ulioonekana mikoroshoni mwishoni mwa miaka ya 1970, ulikuwa na fungu lake kubwa katika hasara ile, na salfa ndiyo iliyosaidia kuyarudisha maua. Mtu aliyeona hayo kwa macho yake, akiona tena unga mweupe juu ya jani, hata likiwa jani la boga, mkono wake waenda wenyewe kwenye mfuko ule ule.

Lakini, ndugu zangu, katika nyumba zetu hakuna apikaye jani la mkorosho. Jani la boga twalila. Naweza kusema kwamba katika nyumba nyingi jani ndilo zao lenyewe, na boga ni nyongeza ya baadaye. Jani hilo huchumwa jioni, likamenywa nyuzi zake, likakatwa, likaingia chunguni jioni ile ile pamoja na karanga. Na achumaye mara nyingi si yule aliyepulizia. Baba apulizia alfajiri kisha aenda zake shambani. Binti arudi kutoka shule, atumwa mboga, na hakuna aliyemwambia neno. Hilo ndilo linalonitia hofu kila nionapo chupa ya soda dirishani, na ndilo lililonifanya niulize kwa mabwana shamba na kusoma niwezavyo, ili nisiwe mtu wa kunyima tu bila kuwa na jibu.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba ugonjwa ndio wenyewe. Ubwiri unga wa maboga huanza kwa madoa madogo ya mviringo, meupe, kama alama za vidole vya mtu anayekanda unga. Huanzia kwenye majani makubwa ya zamani, yale ya karibu na shina yaliyofunikwa kivuli, na mara nyingi huanzia upande wa chini ambao hatuutazami. Baadaye madoa huungana, jani lote likawa kama limepakwa chokaa, vikonyo navyo vikashikwa. Kisha jani hugeuka manjano, likakauka na kuvunjika kama karatasi ya zamani. Boga lenyewe ni nadra kupatwa na unga huo. Lakini likivuliwa majani yake laungua kwa jua, na lile lililokuwa bado changa labaki dogo, lisilo na utamu.

Pitisha kidole juu ya doa. Unga ukitoka na kushika kidole, umeupata. Usipotoka, ngoja kwanza, maana yapo mambo manne yanayofanana nao.

Zipo mbegu za maboga ambazo majani yake yana mabaka ya rangi ya fedha tangu yalipochipua, yakifuata mishipa. Hayo ni maumbile yake, na mtu anayeyapulizia dawa ajisumbua. Pili ni wadudu waitwao inzi weupe. Watoto wao hunyonya upande wa chini, na majani mapya yanayotoka baadaye hung’aa kama bati jipya. Ligeuze jani au utikise mmea, utawaona wakubwa wao wakiruka kama vumbi lenye mbawa. Tatu ni ndugu wa jina tu, ubwiri vinyoya. Huo waonyesha mabaka ya manjano upande wa juu, yenye pembe kwa kuwa yamezuiwa na mishipa ya jani, na upande wa chini huota ukungu wa kijivu au wa zambarau hafifu. Huo wapenda majani yaliyolowa, na dawa za mwenzake haziufai. Mwenye kuuona amwite bwana shamba mapema, kwa kuwa hauchelewi kuharibu. La nne ni jivu. Msicheke. Nimewahi kuitwa nitazame mmea “mgonjwa” ambao mama mwenye bustani alikuwa ameunyunyizia jivu la jikoni asubuhi ile, kufukuza wadudu, naye mzee wa nyumba hana habari.

Sasa, unga huu watoka wapi? Wengi husema ni mvua. Twaona kinyume chake. Ubwiri unga ni aina ya ukungu ambao mbegu zake, ndogo zisizoonekana kwa jicho, huchukuliwa na upepo zikiwa kavu, na haziitaji jani lililolowa ili ziote. Mvua kubwa huzidhuru. Ndiyo maana twauona hasa mvua zinapopungua, usiku ukiwa na unyevu hewani, na mchana ukiwa na joto la kadiri, yaani kati ya nyuzi 20 na 27 za sentigredi. Hali ikiwa hiyo, tangu mbegu itue juu ya jani hadi kutoa unga mpya ni siku tatu hadi saba tu. Mtu aliyesafiri kwenda mazishini akakaa juma moja, aweza kurudi akakuta bustani nyingine.

Wala hautoki mikoroshoni. Ukungu wa mkorosho ni mwingine na wa boga ni mwingine, ingawa twauita kwa jina moja. Aliyepanda maboga chini ya mikorosho asiilaumu mikorosho kwa unga huo, ila kwa kivuli chake tu. Walio katika hatari moja na boga ni jamaa zake: matango, matikiti na mamung’unya. Tena ukungu huu waishi juu ya mmea ulio hai. Kwa hiyo yale maboga yaliyojiotea jaani baada ya mavuno, ambayo hakuna ayajaliye, ndiyo nyumba yake ya kungojea msimu. Yang’olewe.

Katika kutibu, mkono hutangulia dawa. Mashimo yaachane kiasi cha mita mbili au zaidi ili upepo upite. Samadi iwe ya kiasi, maana mmea ulionona kupita kadiri husongamana majani laini ambayo ukungu huyapenda. Maji yamwagwe shinani asubuhi. Kuanzia wakati mmea unapoanza kutambaa, majani ya chini yageuzwe na kutazamwa mara mbili kwa juma. Kazi hiyo yaweza kufanywa na mchumaji mboga mwenyewe bila kupoteza hata robo saa. Likionekana jani moja au mawili yenye madoa, yakatwe, yatiwe katika mfuko hapo hapo, yakafukiwe. Kuyaburuta bustani nzima ni kuusaidia upepo kazi yake. Na mtu asikate zaidi ya theluthi ya majani kwa mara moja, maana mmea hula kwa majani yake. Jani lenye unga lisiende chunguni; yachumwe machanga ya mbele yaliyo safi, na mchumaji ayaanze hayo kabla ya kushika yaliyo mgonjwa.

Madoa yakizidi, zipo dawa mbili za jikoni. Ya kwanza ni soda ya kuokea mikate: kijiko kimoja cha chai, kisichojaa kilima, katika lita moja ya maji, na matone machache ya sabuni ya maji ili dawa ishike. Hupuliziwa pande zote mbili za jani, jioni au asubuhi mapema, mara moja kwa juma. Nasema soda ya kuokea. Magadi ya kulainishia maharage ni makali zaidi, yataunguza majani. Hata hiyo soda ikizidishwa huunguza, kwa hiyo ijaribiwe kwanza juu ya jani moja, mtu angoje siku mbili.

Ya pili ni maziwa, na najua wapo watakaotikisa vichwa. Mwaka wa 1999 mtaalamu wa Brazil, Wagner Bettiol, alichapisha majaribio aliyoyafanya katika nyumba ya mimea juu ya mmea ulio jamaa ya boga. Aliona kwamba maziwa ya ng’ombe yaliyochanganywa na maji, fungu moja la maziwa kwa mafungu tisa ya maji au zaidi ya hapo kwa ukali, yalizuia ubwiri unga sawa na dawa za dukani alizozilinganisha nayo. Ni habari njema, lakini ng’ombe huku kwetu ni wachache, na maziwa ya mtoto yasitolewe nyumbani kwenda bustanini. Mwenye ng’ombe na ajaribu.

Dawa hizi zote ni za kuzuia kuliko kuponya. Jani lililokwisha kuwa jeupe lote halitarudi kijani. Twalinda yale yajayo. Na kama maboga yamekwisha kukomaa, ngozi imekuwa ngumu hata ukucha hauingii, mmea huo umemaliza kazi yake, wala haustahili hata kijiko cha soda.

Narudi kwenye salfa, maana najua swali hilo litaulizwa. Salfa ni dawa ya kweli ya ubwiri unga, hata wa maboga. Lakini ile ya vumbi tunayopulizia mikorosho kwa mashine si ya kumwaga bustanini kwa kukisia. Jamii ya maboga yaweza kuunguzwa nayo, hasa joto likipita nyuzi 32, au ikiwa mmea ulipakwa mafuta ya namna yoyote katika majuma mawili yaliyotangulia. Anayetaka kuitumia atafute ile ya kuchanganya na maji, yenye kibandiko kinachotaja mimea ya jamii hii, kipimo chake na siku za kungoja kabla ya kuvuna, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kisha mmea huo atenge uwe wa boga tu, aufunge kitambaa chekundu, na nyumba nzima waambiwe kwamba hauchumwi mboga. Na bomba lililopulizia dawa ya kuua magugu lisikaribie bustani hata likioshwa mara ngapi.

Kwa viongozi wenzangu ninayo maombi mawili. La kwanza, watunza ghala wetu wasimpimie mtu yeyote dawa katika chupa ya soda wala kopo lisilo na jina, hata akiwa ni mjumbe wa bodi, hata akiwa ni shemeji. La pili, kila chama cha msingi kinunue bomba moja dogo la mkono kwa ajili ya bustani za nyumbani tu, lipakwe rangi ya kijani, liazimwe kwa kuandikwa daftarini. Na bibi shamba aalikwe kuonyesha matumizi yake mwezi wa Februari, siku ambayo akina mama wamekubaliana wao, si siku tuliyowachagulia sisi.

Juu ya meza ile ya pembeni, karibu na mlango, nimeweka majani matano ya boga katika sahani: moja lina ubwiri unga, moja lina ubwiri vinyoya, moja lina mabaka ya maumbile, moja limeng’arishwa na inzi weupe, na moja lina jivu. Sikuyaandika majina. Kabla ya kwenda kula, kila mmoja apite ajaribu kidole chake, kisha anawe mikono. Maji yapo ndoo ya nje.