Kumbukumbu ya Kompyuta: Meza Imekuwa Ghali



Leo tuzungumze juu ya kumbukumbu ya kompyuta. Bei yake ilipanda sana mwaka 2025. Simu zetu za kisasa nazo zina kumbukumbu ndani yake, kwa hiyo jambo hili si la watu wa mjini peke yao.

Kumbukumbu ni kitu gani? Mtazameni fundi cherehani. Ana kabati na ana meza. Kabati linatunza vitambaa hata usiku fundi akilala. Meza ni ya kazi ya sasa hivi. Basi, kumbukumbu ni ile meza. Ukizima kompyuta, meza inabaki tupu. Ile kadi ndogo ya kutunzia picha, ambayo watu huiita memori, si meza, ni kabati. Wengi hununua kadi wakidhani simu itakwenda mbio. Haiendi mbio, ng'o!

Kwa nini bei imepanda? Sehemu kubwa ya kumbukumbu duniani hutengenezwa na makampuni matatu tu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Siku hizi yamejengwa majumba makubwa ya kompyuta za akili bandia. Hayo yanataka kumbukumbu nyingi mno, na wenyewe wana fedha. Viwanda vimewageukia hao. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuacha biashara yake ya Crucial, iliyokuwa ikiwauzia watu wa kawaida. Na kiwanda kipya cha namna hii si banda la kuku. Kukijenga huchukua miaka.

Lakini tusiilaumu bei peke yake. Anayeigawa meza ni programu kuu, kama vile Windows, au Android kwenye simu. Windows ya mwaka 1995 ilihitaji angalau megabaiti 4. Windows 11, ya mwaka 2021, inataka angalau gigabaiti 4, yaani mara elfu moja hivi. Je, barua zetu zimekuwa ndefu mara elfu? Mimi naona watengenezaji walizoea bei rahisi.

Hata hivyo msishtuke mkiona kumbukumbu karibu yote inatumika. Programu kuu huacha mezani vitu ulivyokwisha kuvitumia, ili ukivitaka tena isivifuate kabatini. Ukileta kazi mpya, huviondoa. Huo si ugonjwa. Ugonjwa ni pale kazi zilizofunguliwa zinapozidi meza. Hapo vitu hubebwa kwenda kabatini na kurudishwa, kwenda na kurudi, na kompyuta inakokota miguu.

Basi kompyuta ya chama chenu ikikokota, msikimbilie kutoa fedha. Kama ni ya Windows, bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itatokea orodha ya programu na kumbukumbu inayoliwa na kila moja. Fungeni zile msizozihitaji. Ikikokota bado, muulizeni fundi kama kompyuta hiyo inakubali kuongezewa kumbukumbu, maana nyingine zimelehemewa kiwandani na haziongezeki. Muulizeni kabla hamjampa hata senti.