Kuni Ngumu na Namna ya Kuzitambua



Mnunuzi wa kuni katika Kaptembwo, mjini Nakuru, asipozijua kuni hulipia maji na moshi. Basi yafaa azijue.

Kuni bora ni za mzeituni-mwitu, ambao Wakikuyu huuita mutamaiyu na Wamaasai oloirien. Ni nzito, kiini chake ni cha kahawia chenye michirizi myeusi, na makaa yake hukaa muda mrefu. Leleshwa hutambulikana kwa majani yenye weupe upande wa chini na harufu ya kafuri. Huwaka hata kabla ya kukauka sana. Mtarakwa ni mwekundu na mwepesi. Huwaka upesi na kurusha cheche, bali hauozi upesi, kwa hiyo wafaa nguzo za ua kuliko jiko.

Kabla ya kulipa, mnunuzi na agonganishe vipande viwili. Kuni kavu hulia kwa sauti kali, na ncha zake zina nyufa. Kuni mbichi hutoa sauti nzito.

Tena, mtu asilale na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu usingizini.